Malalamiko Kuhusu Picha ya Mke Wangu Akicheka Kwenye Boti ya Shemeji

Tolliver Landing, Florida
Jumanne, siku nne kabla ya msimu kufunguliwa

Ndugu Mhariri wa Sauti ya Tolliver,

YAH: PICHA YA UKURASA WA KWANZA, NA MADHARA YAKE KATIKA NDOA YANGU

Kichwa hapo juu kinajieleza, lakini mimi ni mtu wa kueleza hata kinachojieleza, na mke wangu ni shahidi. Kwa jina naitwa Verlon Touchton, wa hapa hapa mjini, mstaafu wa idara ya maji, ambako nilisoma mita za watu kwa miaka thelathini na moja bila kukosea tarakimu. Namiliki boti moja ya futi kumi na tisa, injini moja, na kiti kimoja kilicho wazi. Nakuandikia kwa ajili ya hicho kiti.

Jumamosi hii msimu wa kuokota kombe wa baharini unafunguliwa. Kama kila mwaka, mji mzima utashuka na boti zake hadi kwenye nyasi za baharini, kila mtu avae miwani ya mbizi na mrija wa kupumulia, alale juu ya maji na kuokota kombe kwa mkono, na jioni vijiko vifanye kazi ya kukwangua minofu kutoka kwenye magamba. Kwa misimu thelathini na minane, kiti cha mbele kulia kwenye boti yangu kimekuwa cha mke wangu, Oleta. Mwaka huu nimesoma kwa macho yangu mwenyewe, kwenye ubao wa duka la chambo, orodha ya abiria wa shemeji yangu Hoyt Driggers, kaka yake Oleta. Mstari wa mwisho umeandikwa kwa chaki: "Touchton, mmoja." Mhariri, akina Touchton tumebaki wawili tu hapa mjini, na mmoja ni mimi.

Nikimuuliza Oleta, anasema, "Tutaona Jumamosi," kisha anaendelea kumenya viazi. Mimi nataka mke wangu arudi kwenye kiti chake kabla ya hiyo Jumamosi. Hilo ndilo ombi. Yanayofuata ni ushahidi kwamba kosa ni la gazeti lako.

1. Picha yenyewe. Katika toleo la wiki iliyopita, mkitangaza msimu, mlirudia kuchapa picha ya mwaka jana. Oleta amekaa katikati ya boti ya Hoyt, ameshika mfuko wa wavu uliojaa kombe, kichwa kakirusha nyuma, anacheka mpaka magego yanaonekana. Chini yake mmeandika: "Bi. Oleta Touchton akiwa na familia yake." Familia gani? Kwenye picha yumo Hoyt, mke wa Hoyt, majirani watatu wa Hoyt, na mbwa wa Hoyt. Mimi pia nimo, lakini lazima ujue pa kutazama: ni kile kiwiko kilicho ukingoni kushoto, kinachofunga kamba gatini. Naomba masahihisho. Kiwiko hicho ni cha mumewe.

Nimeikagua picha hiyo kwa kioo cha kukuzia maandishi, na nitasema bila kuzunguka: iliniuma. Nina albamu tatu za safari zetu za kombe, na hakuna hata picha moja ambamo Oleta anacheka hivyo. Katika nyingi anatazama saa.

2. Maandalizi. Wapo wasomaji wako watakaodhani kwamba yaliyotokea mwaka jana yalitokana na uzembe. Safari ile ilianza kupangwa mwezi wa pili. Mpango ulikuwa na kurasa kumi na moja, zimepigwa chapa pande zote mbili. Ukurasa wa nne ulikuwa wa kupwa na kujaa kwa maji. Ukurasa wa tano ulikuwa wa chakula: mikate ya nyanya na mayonezi, karanga za kuchemsha, na nani asikae karibu na sanduku la barafu. Ukurasa wa saba ulipanga nani aende haja saa ngapi. Vikao vilifanyika jikoni kila Jumapili baada ya ibada, na kumbukumbu za kikao kilichopita zilisomwa kwanza, zikapitishwa.

Mwezi wa tano niliitisha zoezi la vitendo sebuleni. Nilimwaga maharage makavu kwenye zulia, nikawalaza kifudifudi mke wangu, binti yetu Darla, na Curtis mumewe, wote na miwani na mirija mdomoni, nikawapima kwa saa. Curtis anafundisha hesabu sekondari, ni mtu mwenye heshima zake, na bado alilala. Oleta aliokota maharage kikombe kizima kwa dakika nne. Ilipofika zamu yangu nilipata harage moja, nalo lilikuwa limenasa kwenye soksi yangu. Nalisema hili mwenyewe kabla hajalisema mwingine. Kombe wa ghuba yetu ana macho ya bluu karibu mia moja kuzunguka ukingo wa gamba lake, na sijui niliwakosea nini, yote huniona mimi kwanza. Oleta akipita, wanamngoja.

3. Kofia. Naeleza tukio hili kwa maandishi, kwa mara ya mwisho, ili nisiulizwe tena dukani.

Ukurasa wa tisa unasema kwamba kabla ya kung'oa nanga nahodha atahesabu watu. Watu wakitoka majini hujifunika mataulo gubigubi, hivyo njia ya uhakika ni kuhesabu kofia. Nilinunua kofia nne za rangi ya chungwa kwa kazi hiyo tu. Siku ya tukio, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi, nilihesabu kofia nne. Ya Darla ilikuwa usoni pake, maana alikuwa amelala kule nyuma na kichefuchefu. Ya Curtis ilikuwa kichwani kwake, naye amemshika mkewe mabega. Yangu ilikuwa juu yangu. Ya nne ilikuwa kwenye kiti cha mbele kulia, juu ya lundo la mataulo, mahali Oleta anapokaa na kwa namna ile ile Oleta anavyokaa. Nikaandika kwenye daftari la safari: "Wote wamo." Nikang'oa nanga nikaelekea eneo la pili, maili moja kusini, kwa mujibu wa ukurasa wa sita.

Kwamba wakati huo Oleta alikuwa bado majini, na kofia yake aliiacha juu ya mataulo ili isilowe, ni jambo ambalo daftari lisingeweza kulijua.

Nimeulizwa mara nyingi kama sikushangaa kwamba hasemi. Mhariri, niliongea naye njia nzima. Nilimweleza habari za mkondo wa maji, nikamweleza jinsi Hoyt anavyochoma mafuta ovyo, nikagusia suala la paa la banda letu ambalo tumelibishania tangu kimbunga kilipopita. Hakunipinga hata neno moja. Nikadhani hatimaye ameanza kunielewa. Roho ikanilainika, nikashika usukani kwa mkono mmoja na mwingine nikauweka begani kwake, kama enzi zetu. Nitakuwa mkweli: katika miaka arobaini na moja ya ndoa, sikumbuki mazungumzo yaliyokwenda vizuri kama yale. Tulipofika na nikazima injini, boti iliyumba kidogo, kofia ikaanguka, mataulo yakafuata, na nikakuta nimekumbatia sanduku la mikate.

Kwa makadirio yangu zilikuwa zimepita dakika kumi na mbili.

4. Bendera. Hapa ndipo naomba wanasheria miongoni mwa wasomaji wako wasome polepole. Sheria ya jimbo letu iko wazi: mtu akiwa majini, boti ipandishe bendera nyekundu yenye mstari mweupe, na asipokuwapo mtu majini, bendera ishushwe. Mimi kabla ya kuondoka niliishusha bendera, nikaikunja mara mbili na kuifunga kwa mpira. Boti iliyoshusha bendera haina mtu majini. Kwa hiyo, kisheria, Oleta hakuwa majini. Hoja hii nilimpelekea askari wa wanyamapori pale gatini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaniomba namba ya simu ya Oleta ili ampe pole.

5. Mfuko. Tukiwa bado kule kusini, boti ya Hoyt ilitusogelea taratibu. Hoyt akaegemea ukingo, akasema, "Shemeji, nadhani kuna kitu umedondosha kule nyuma." Oleta alikuwa amekaa kwenye mojawapo ya sofa za boti ya Hoyt, taulo kavu mabegani, soda baridi mkononi. Miguuni pake palikuwa na galoni mbili za kombe, haki yake kamili kwa siku.

Sasa fuatana nami. Boti ya Hoyt ilikuwa imekwisha kufikisha galoni kumi, ambazo ndizo mwisho kwa boti yoyote. Ili kumpakia Oleta na mfuko wake, Hoyt alilazimika kurudisha baharini galoni mbili za kombe waliowaokota yeye na wenzake. Alifanya hivyo bila kunung'unika, jambo ambalo linazidi kukera. Lakini kombe wale waliokotwa na abiria wa boti yangu, aliyeshushwa majini kutoka boti yangu, na waliandikiwa nafasi kwenye ukurasa wangu wa kumi. Nikamwambia Oleta apande upande wetu na mfuko aulete. Aliniangalia, akaiangalia kofia yake mkononi mwangu, akasema, "Niko sawa hapa, Verlon. Wewe endelea na ukurasa wako wa sita."

Boti yangu ilirudi na kombe kumi na saba, mmoja wao gamba tupu. Jioni tulikula kwa Hoyt. Nilikula kombe wa kukaanga waliookotwa na mke wangu mwenyewe, kwenye sahani ya karatasi, kama mgeni, na nikamshukuru mwenye nyumba. Sijui kama unafahamu inachukua nini kumshukuru Hoyt.

6. Mji. Tangu siku hiyo sijanunua barafu kwa amani. Mzee Purvis wa duka la chambo kila akinifungia mfuko ananiuliza, "Verlon, umehesabu?" Mhudumu wa kituo cha mafuta huchungulia dirisha la abiria kabla hajanirudishia chenji. Hata mchungaji, mtu niliyemtegemea, Jumapili moja aliwaomba waumini wageuke kumtazama jirani yao kabla ya kwenda nyumbani, "tusije tukaacha mtu," na kanisa zima likageukia benchi letu. Nilijikaza. Kufikia mwezi wa nne mwaka huu vijembe vilikuwa vimepungua, maana jamaa mmoja aliirudisha nyuma gari yake yote pamoja na trela mpaka ndani ya mto. Nilikuwa nimeanza kupumua. Ndipo mkaichapa tena picha.

7. Boti ya Hoyt. Siihesabu kama boti. Ni sebule inayoelea. Ina paa. Ina sofa mbili. Ina choo chenye pazia la maua, ilhali yangu ina ndoo na ukurasa wa saba. Na ina ngazi ya vipandio vitano ya kushukia na kupandia majini. Oleta goti lake moja ni la kutengenezwa hospitali. Kwenye boti yangu tunampandisha kwa kumvuta mikono, mimi upande huu na Curtis upande ule, tukihesabu mpaka tatu, na kwa bahati mbaya mimi huvuta kwenye mbili. Kwa misimu kadhaa amekuwa akiomba ngazi. Nimekuwa nikimjibu kwamba ngazi haimo kwenye mpango. Nilikusudia kipengele hiki kiwe malalamiko dhidi ya Hoyt, lakini kadiri ninavyokiandika kinageuka kuelekea kwangu, kwa hiyo nakiacha hapo.

8. Maombi. Kwa kuzingatia hayo yote, naomba kwa heshima:

(a) Gazeti lisahihishe maelezo ya picha na kukitaja kiwiko kwa jina.

(b) Gazeti lihimize kaunti ipige marufuku sofa, ngazi na mapazia ya maua kwenye boti yoyote inayomilikiwa na kaka wa mke wa mtu.

(c) Ufunguzi wa msimu usogezwe mbele mpaka Oleta atakapotoa jibu lingine zaidi ya "Tutaona."

(d) Ikishindikana, ghuba ifungwe mwaka mzima. Kombe nao ni viumbe, wapumzike. Mimi binafsi nitapoteza kombe kumi na saba, na niko tayari kwa hasara hiyo.

(e) Gazeti lichape mpango wangu wa mwaka huu kama nyongeza ya bure kwa kila nyumba. Sasa una kurasa kumi na nne.

(f) Yote hayo yakigonga mwamba, mchape kwenye ukurasa wa kwanza, kwa ukubwa ule ule, picha ya kiti cha mbele kulia kikiwa kitupu. Msihangaike kutuma mpiga picha gatini. Kiti nitakifungua na kukileta mwenyewe ofisini.

Nilitaka kufunga barua hapa, lakini kuna jambo halimo kwenye daftari la safari, na mtu aliyesoma mita kwa miaka thelathini na moja hapaswi kuruka namba. Yale mataulo yalipoanguka, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Niligeuza boti papo hapo. Hoyt alipotufikia, boti yangu ilikuwa tayari imeelekea kaskazini. Kwenye boti ya Hoyt hakuna aliyeligundua hilo, wala mimi sikulisema. Nilikuwa naitazama dira na siioni, kwa sababu nilikuwa nalia, na Curtis, Mungu ambariki, alijifanya anatafuta mafuta ya jua. Nilipomwona Oleta mzima kwenye lile sofa, maneno niliyokuwa nayo mdomoni yalikuwa: nilidhani nimekupoteza. Nilichosema ni kwamba aulete mfuko. Mwaka mzima nimekuwa nikitafuta ni kipengele namba ngapi cha kuliweka hilo, na sijakipata.

Nakuachia hapo, nikiamini utalishughulikia suala hili kabla ya Ijumaa adhuhuri, ambapo napanga mataulo. Nisalimie wapiga chapa wako, na yule dada anayeandaa jedwali la kupwa na kujaa, mwambie mwaka huu hajakosea. Salamu kwa mchungaji. Salamu kwa Mzee Purvis, na ajue kwamba nahesabu. Salamu hata kwa mbwa wa Hoyt, ambaye kati ya wote waliokuwa kwenye ile picha ndiye pekee aliyekuwa anatazama upande wangu.

Wako katika usahihi,

Verlon Touchton
Nahodha

NYONGEZA. Mhariri, barua hii niliiacha mezani chini ya kopo la sukari wakati naenda kutafuta stempu. Nimerudi nimeikuta imesomwa, na ina alama za penseli.

Pale penye "dakika kumi na mbili" Oleta amekata na kuandika thelathini na nane. Saa aliyokuwa nayo majini nilimnunulia mimi, kwa hiyo siwezi kuipinga.

Pale nilipoeleza anavyocheka kwenye picha, ameandika pembeni mpaka nafasi ikaisha. Anasema aliposikia injini aliinua kichwa, na sikuwa mbali hata hatua kumi. Angeweza kuniita. Lakini aliniona naondoka nimeigeukia kofia yake, naipigia soga, nikitingisha kichwa kana kwamba imenijibu, na kicheko kikambana hivi kwamba maji yakaingia kwenye mrija. Ile picha ilipopigwa, alikuwa anawasimulia akina Hoyt kwa mara ya tatu. Kwa hiyo kipengele namba moja nakiondoa. Kicheko kile kilikuwa changu.

Pale penye "Touchton, mmoja" ameandika maneno mawili: "Ni wewe." Kumbe kiti cha kwa Hoyt nimewekewa mimi. Oleta amepanga tangu mwezi wa pili kuiendesha boti yetu mwenyewe Jumamosi, na Darla na Curtis wamekwisha kukubali. Mpango wake una ukurasa mmoja. Ngazi imefungwa nyuma ya boti tangu mwezi wa tano, chini ya turubai, na mimi ninayeikagua boti kila Ijumaa sikuiona.

Kwenye ile aya ya mwisho kabla ya salamu hakuandika kitu. Alikwenda jikoni, nikasikia maji ya bomba yakimwagika bila kuosha chochote. Aliporudi alisema, "Panda boti yako, Verlon. Ila usukani ni wangu, na wewe ndiye utakayekuwa majini."

Kwa hiyo tafadhali usiichape barua hii. Kama imekwisha kuingia mtamboni, basi chapa tangazo hili tu: Jumamosi anayehesabu ni Oleta, na amesema atahesabu kofia. Yangu ni ya rangi ya chungwa. Yeyote atakayeiona ikielea na hakuna boti karibu, amwokote aliye chini yake na kumpeleka kwa Hoyt. Bado ananiwekea kiti.